Mathe ana demenshia: nyumba ya wazee hapa Nairobi unachagua aje, na ni kweli wakipelekwa huko wanazidi haraka?

#1 Binti_wa_Kahawa
Wadau habari za jioni. Naomba mawazo hasa ya wale mmepitia. Mathe ana miaka 76, daktari alisema ni Alzheimer na tena mishipa ya damu kichwani imeharibika juu ya presha ya miaka mingi. Tunaishi naye Kahawa West. Asubuhi yuko sawa, anaimba, anachagua maharagwe, lakini ikifika saa kumi na moja jioni anaanza kusema anataka kwenda kwao, anagonga mlango, anatuita wezi. Majuzi alitoka geti soja akiwa msalani, akapatikana stage ya Kamiti Road anauliza gari ya Machakos. Mimi naenda kazi, dada wa nyumba amechoka amesema mwisho wa mwezi anaondoka. Ndugu zangu wamekubali tuchange tumpeleke penye kuna wauguzi. Sasa mama mdogo ndio amekataa kabisa, anasema hajawahi ona mtu akipelekwa huko akakaa sawa, ati mwezi haujaisha hawakujui tena. Jirani naye alisema hivo hivo kuhusu babake. Je, ni nyumba inawaharibu ama ni ugonjwa tu? Na ukienda kuangalia unaangalia nini, juu zote nimeona kwa simu ziko na maua na viti vizuri.

#2 MtuWaRongai
Pole sana dada. Nimekaa hapa nasoma, mzee wangu anaanza hivo hivo.

#3 Shosh_wa_Ruiru
Mwanangu, sikiliza mama mdogo wako. Mtu mzee anajua choo chake hata gizani, anajua kikombe chake, anajua mlango uko upande gani wa kitanda. Ukimhamisha unamnyang'anya hivyo vyote siku moja. Dada yangu mkubwa alipelekwa na watoto wake, kuzuri kabisa, chakula kizuri, lakini alikuwa anashinda na mkoba mkononi akingoja kuchukuliwa. Aliacha kula. Hakufikisha Krismasi. Mimi nasema ni kule kung'olewa.

#4 Nesi_Mstaafu
Nimefanya wodi mpaka nikastaafu, wacha niongee. Shosh shikamoo, hilo la choo na kikombe ni kweli kabisa, kuhamishwa kunawachanganya na wiki za kwanza huwa ngumu. Lakini kuna kitu familia haioni. Watu wanaleta mzazi wakati nyumbani kumeshindikana, ameshaanza kuzurura usiku, ameanguka, amekataa chakula. Yaani ugonjwa tayari umeshika kasi. Sasa akishuka mwezi wa kwanza tunasema ni nyumba, na hata angebaki kwa kitanda chake angeshuka. Tena huyu wa mishipa haendi pole pole kama Alzheimer pekee, anaweza kukaa vile vile miezi mingi halafu ghafla anashuka hatua nzima, juu kiharusi kidogo kimepita hata hakuna mtu ameona. Mwenye kuuliza, presha yake inapimwa? Dawa anameza kweli ama anaficha chini ya ulimi? Na kabla ya kumwambia ni Alzheimer walipima damu ya thairoidi na vitamini B12? Hizo mbili zikiwa chini zinaweza kumfanya mtu asahau na zinatibika.

#5 Binti_wa_Kahawa
Asante nesi. Walipima zote na skani tulifanya, hizo zilikuwa sawa. Presha inapanda na kushuka, na ya kuficha dawa ni ukweli, nimezipata kwa mfuko wa leso.

#6 FundiStima
Mbona msimpeleke ocha? Kule hewa ni safi, majirani wanamjua, akitoka geti kila mtu anajua ni mama wa nani na anarudishwa. Huku Nairobi ndio kunaharibu wazee, wanafungiwa kwa ploti gorofa ya nne.

#7 MamaPendo_Umoja
@FundiStima na huko ocha nani atambadilisha pampasi saa nane usiku, wewe? Kila mara mnasema ocha na mnamaanisha mke wa ndugu yenu.

#8 FundiStima
Haya mama Pendo umenipata hapo 😂 lakini bado nasimama na ya majirani.

#9 Binti_wa_Kahawa
Ocha kwetu ni Mwala huko Machakos, nyumba iko lakini aliyebaki ni binamu mmoja na yeye ni mlevi. Na tena "kwao" yenye mathe anataka kwenda sio hiyo. Nikimuuliza anataja nyumba ya babake, ilibomolewa hata sijazaliwa. Kwa hivyo hata tukimpeleka Mwala bado ataomba kwenda kwao.

#10 DadaWaMinnesota
Hiyo ya jioni ni kawaida sana, nafanya hii kazi Marekani kwa nyumba ya watu wa kumbukumbu na saa za jua kuzama ndio saa ngumu kwetu. Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, usiende kuangalia nyumba saa nne asubuhi. Saa nne kila mtu ameoga na supavaiza yuko. Enda saa kumi na mbili jioni bila kupiga simu. Angalia mtu akianza kusema nataka kwenda nyumbani wanafanya nini. Kama mhudumu anabishana naye ati "hapa ndio nyumbani kaa chini" hapo ondoka. Kama anamshika mkono anatembea naye, anamuuliza "kwenu kulikuwa na miti gani", hao wanajua kazi. Na usiulize wako na wafanyakazi wangapi, uliza usiku wa kuamkia Jumatatu wanabaki wangapi na wanaangalia watu wangapi, na kati yao nani ni nesi kamili.

#11 Jaduong_wa_Southlands
Mimi naona mnazunguka. Kinachowaharibu wengi huko ni dawa za kulaza, nukta. Mzee wangu tulimpeleka mahali (sitataja) akiwa anatembea, anabishana siasa, ni vile tu usiku alikuwa anaona watoto wameketi kwa sebule na hakuna watoto. Tukienda kumuona kila saa amelala kwa kiti mate yanatoka. Tukaambiwa ni ugonjwa umeendelea. Ndugu yangu akaitisha karatasi ya dawa, tukakuta haloperidol asubuhi na jioni na hakuna mtu wa familia aliulizwa. Daktari wa neva akatuambia huyo mzee dalili zake ni za demenshia ya Lewy, hao wanaona vitu, na hiyo dawa kwao ni hatari inawakaza mwili hadi kutembea kunashinda. Ikapunguzwa mpaka ikatolewa. Hakurudi vile alikuwa lakini alifungua macho, akaanza kuitisha samaki. Sasa niambie huyo aliharibiwa na nini.

#12 DadaWaMinnesota
@Jaduong umesema ukweli na sio huko tu. Huku Marekani FDA, wale wa kukagua dawa, walitoa onyo kali 2005 kwamba hizo dawa zinaongeza vifo kwa wazee wenye demenshia, kwanza zile mpya halafu 2008 wakaongeza za zamani kama hiyo haloperidol. Na sheria ya 1987 ilikataza nyumba za wauguzi kumfunga mzee kwa kamba au kwa dawa ili tu wafanyakazi wapumzike. Bado inatokea.

#13 KijanaWaBuru
Kumbe. Lakini huko serikali inakagua kila nyumba si ndio? Hapa nani anakagua?

#14 DadaWaMinnesota
Sio kila nyumba. Zile za wauguzi zinakaguliwa kwa sheria ya taifa, lakini zile za kuishi kwa kusaidiwa, ambazo ndio wengi wenye demenshia huanzia, kila jimbo lina sheria zake, zingine kali zingine legelege. Na msifikirie ni bure, Medicare, bima ya wazee, hailipi mtu kukaa huko miaka, Medicaid, ile ya maskini, ndio inalipa nyumba ya wauguzi na mpaka uwe umeisha pesa. Nimeona familia zikiuza nyumba.

#15 Nesi_Mstaafu
Kuhusu dawa, tusiseme zote ni sumu. Kuna mgonjwa anapiga wengine kwa fimbo, kuna mwenye hofu hadi hawezi kulala siku tatu, huyo anaweza kupewa kidogo, kwa muda mfupi, na tarehe ya kuangaliwa tena iandikwe. Cha kuuliza ni nani anaamua, daktari anakuja lini, na familia inaambiwa kabla au baada. Na uone ile karatasi ya dawa kabla hujalipa chochote, angalia kama imejazwa kila siku au imejazwa yote kwa kalamu moja siku moja.
Hapa nyumbani, kama wanasema wanatoa matibabu uliza laiseni ya KMPDC, lile baraza la madaktari, na nesi yeyote jina lake linaweza kuangaliwa kwa Nursing Council of Kenya mtandaoni. Mtu akikasirika ukimuuliza hiyo, umeshapata jibu.

#16 MkambaHalisi
Binti wa Kahawa mathe ni mtu wa Mwala, anaongea lugha gani sasa hivi?

#17 Binti_wa_Kahawa
Kikamba tu. Alikuwa mwalimu, Kizungu chake kilikuwa safi na Kiswahili pia. Sai Kiswahili kinakuja kidogo asubuhi, jioni hakuna.

#18 MkambaHalisi
Basi hapo ndio uangalie kwanza kabla ya maua na viti. Mara nyingi lugha za baadaye ndio huondoka kwanza, ya utotoni inabaki. Shangazi yangu aliwekwa mahali kuzuri upande wa Karen, wahudumu wazuri wa roho, lakini hakuna hata mmoja alikuwa anasikia Kikamba. Akisema ana kiu wanamwambia "sawa shosho". Akiumwa tumbo anapiga kelele, inaandikwa kwa kitabu ati ana fujo. Mimi nasema ukali wake wote ulikuwa ni mtu anaita na haitikiwi. Walipoandika msichana mmoja wa kutoka Wote, Makueni, akawa anamwita mwaitu, yaani mama, na kumuwekea redio ya Kikamba, Musyi FM, alitulia bila dawa yoyote. Uliza kila shifti, ya usiku pia, nani anaongea Kikamba.

#19 Jaduong_wa_Southlands
Hiyo ya lugha sijawahi fikiria. Mzee wangu naye alikuwa anaongea Dholuo peke yake pale.

#20 Shosh_wa_Ruiru
Mnaona sasa, mnarudi kwa neno langu. Kwake lugha ingekuwepo.

#21 Nesi_Mstaafu
Shosh kwake lugha iko lakini dada wa nyumba ni wa Busia 😀. Kuna nyumba nyingi Nairobi mzee anashinda na mtu hawasikizani.

#22 MtuWaRongai
Swali la pesa, mtu anisaidie. Ni ngapi? SHA, ile bima ya afya ya serikali, inalipa?

#23 BabaZuri
Hizi za binafsi zingine ni chini ya laki kwa mwezi, zingine zinapita, na bado pampasi, dawa na hospitali ni juu yako. Kuna ile ya serikali ya kaunti Runda, Mji wa Huruma, hiyo si ni bure mnapeleka tu.

#24 MamaPendo_Umoja
@BabaZuri Mji wa Huruma ni ya kaunti ndio, lakini ni ya wazee wasio na mtu. Sio mahali unaacha mama na wewe unaendesha Prado. Na zile za kanisa ni hivyo hivyo, Nyumba ya Wazee pale Kasarani ya masista wa Little Sisters of the Poor, kazi yao tangu Jeanne Jugan aanze huko Ufaransa 1839 ni wazee maskini, wanaishi kwa misaada. Cheshire ya Kariobangi pia iko. Thogoto iko ya PCEA, hiyo ni Kikuyu. Enda uulize kwa heshima, lakini uliza pia kama wanachukua mtu mwenye demenshia ya kuzurura, juu nyumba ya wazee na nyumba ya watu wa kumbukumbu ni vitu viwili. Mzee anayetembea usiku anataka geti lenye mtu, uwanja wa kuzunguka usio na ngazi, na jiko lifungwe.

#25 Nesi_Mstaafu
SHA ni ya matibabu, kulazwa, kliniki. Kukaa nyumba ya wazee mwezi kwa mwezi hailipi. Ikichukua mahali pa NHIF Oktoba 2024 watu wengi walidhani itakuwa tofauti, hapana. Lakini michango yake isikwame, juu siku akivunjika nyonga ndio utaitaka.

#26 KijanaWaBuru
Na Inua Jamii, ile pesa ya serikali ya wazee? Shosho wangu anapata 2,000 kwa mwezi tangu atimize 70.

#27 MamaPendo_Umoja
Ikija. Na ikija ni pampasi za siku chache. Lakini iandikishwe, usiiache.

Wacha niseme yangu pia. Mimi nilikaa na mama mkwe hadi mwisho na sijuti, lakini kuna kitu watu hawaongei, nayo ni grupu ya familia ya WhatsApp. Watu kumi na wanne. Ukiandika mama hajalala wanaweka mikono ya maombi. Mtu yuko Dubai anakuuliza mbona amekonda kwa picha. Mgongo wangu uliharibika kwa kumuinua. Nikiona mtu anaandika "nyumba za wazee ni mila za wazungu" namuuliza wewe mara ya mwisho uliosha mzazi wako lini. Na dada wa nyumba mnampatia mgonjwa wa kuinua na kuosha usiku na mchana, na watoto, na kupika, na mshahara haufiki hata ule wa chini wa sheria wa Nairobi uliowekwa Novemba 2024, 16,113. Huyo akiwa mkali kwa mzee mnashangaa. Kama unabaki nyumbani, tafuta wawili, mmoja wa usiku, na uwalipe kama watu.

#28 BabaZuri
Mama Pendo leo umekuja na panga. Lakini sijapinga.

#29 FundiStima
@BabaZuri wewe ndio yule wa mikono ya maombi kwa grupu 🙏🙏 tunakujua

#30 Wakili_Mtaani
Nimesoma yote, niongeze jambo ambalo huwaleta watu ofisini wakiwa wamechelewa. Kabla ya kuchagua nyumba jueni nani ana mamlaka ya kulipa kutoka kwa pesa za mama. Watu hutengeneza hati ya uwakili wakidhani imemaliza. Ile ya kawaida inakufa mwenyewe akishapoteza uwezo wa kuelewa. Na kama sasa haelewi anachotia sahihi, hata kuitengeneza haiwezekani. Njia iliyobaki ni kwenda Mahakama Kuu chini ya Sheria ya Afya ya Akili, muombe mtu ateuliwe kusimamia mali na kuwa mlezi wake, mkiwa na ripoti ya daktari, na ndugu wote wajulishwe. Wosia pia lazima aliyeandika awe na akili timamu wakati ule, kifungu cha 5 cha Sheria ya Urithi. Na kama kuna shamba na kuna mtu anamzungukia mama na makaratasi, ulizeni kuhusu kuweka caution, yaani zuio, kwa registri ya ardhi. Nimeona title ikihama mama akiwa hajui ni mwaka gani.
Tena Katiba kifungu cha 57 inasema mzee ana haki ya heshima, kutodhulumiwa, na kutunzwa na familia na serikali. Familia *na* serikali. Ukipata mzee anapigwa au amefungwa kwa kitanda hiyo si siri ya nyumba, ripoti.

#31 Binti_wa_Kahawa
Hiyo ya shamba imenigusa, nitakutafuta wakili. Binamu wa Mwala alikuja wiki jana na karatasi akasema ni ya stima.

#32 Wakili_Mtaani
Usingoje.

#33 MpwaniHalisi
Salaam. Mimi wa Kilifi ila nimekaa Eastleigh miaka. Nyinyi mnabishana nyumba ipi, kwetu kuna wazee wanaouawa kwa sababu ya ugonjwa huu huu. Mzee akianza kusema peke yake, akaonekana nje usiku, nywele nyeupe, basi anaitwa mchawi, na mara nyingi nyuma yake kuna shamba. Ganze kuna mahali paitwa Kaya Godoma, wazee waliotuhumiwa hukimbilia huko. Na si Pwani tu, Kisii 2021 akina mama wanne wazee waliuawa kwa tuhuma hizo hizo. Kwa hivyo anayesema ocha majirani watamrudisha, inategemea majirani gani.

#34 Mwombaji_K
Kuna mambo ya kiroho pia tusipuuze. Mtu alikuwa mwalimu aharibike hivi hivi?

#35 Nesi_Mstaafu
Ndugu yangu, mwombee mama, hilo ni jema na yeye mwenyewe wimbo wa kanisa ndio kitu cha mwisho kuondoka. Lakini ubongo unaugua kama vile figo inaugua. Alois Alzheimer alieleza mgonjwa wake wa kwanza 1906, mwanamke wa miaka ya hamsini na kitu huko Ujerumani, akaangalia ubongo kwa darubini na kukuta uchafu wa protini. Walimu wanaugua, maaskofu wanaugua. Ukisema ni laana mama anafichwa chumbani na hapimwi.

#36 KijanaWaBuru
Nilisoma Denmark wamejenga kijiji kizima cha watu wa demenshia, kuna duka, kinyozi, wanazunguka tu wenyewe. Hapa tungeweza.

#37 DadaWaMinnesota
Ni Uholanzi, Hogeweyk, mji wa Weesp karibu na Amsterdam, 2009. Wanakaa wachache wachache kwa nyumba kulingana na maisha waliyozoea. Wa mjini na wa mjini, wa kupenda bustani na wenzake. Serikali inalipa sehemu kubwa, hiyo ndio tofauti. Lakini wazo lenyewe la kumwacha mtu achague maharagwe kama alivyozoea haligharimu kitu. Ukienda kuangalia nyumba angalia kama wazee wana kitu mikononi ama wamepangwa mbele ya TV.

#38 Binti_wa_Kahawa
Habari zenu, nimerudi na mrejesho. Nimeenda jioni kama mlivyosema. Ya kwanza Thika Road, kuzuri kwa macho, lakini saa kumi na mbili wote walikuwa wamelala, wote, hata wale wanatembea. Nikauliza karatasi za dawa nikaambiwa ni siri ya mgonjwa. Ya pili ni ndogo, nyumba ya kawaida tu, rangi imebambuka, watu tisa. Kulikuwa na mzee anazunguka uwanja na kijana nyuma yake anatembea tu bila kumshika. Jikoni kuna mama wa Kangundo, Mkamba, anapika! Nilimuuliza mwenye nyumba mama akikataa kuoga mtafanya nini, akasema "tunangoja, tunajaribu baada ya chai, na kama ni leo amekataa si lazima leo". Harufu ya mkojo ilikuwepo kidogo lakini dirisha lilikuwa wazi na mtu alikuwa anapiga deki. Shida ni mbili. Wanasema wiki mbili za kwanza familia isije ili azoee. Na ndugu yangu anataka tumdanganye tunaenda hospitali tu.

#39 Nesi_Mstaafu
Hiyo ya pili naipenda kuliko ya kwanza. Harufu kidogo jioni sio dhambi, harufu ya dawa ya sakafu kali mchana kutwa ndio hunipa wasiwasi. Uliza sasa mambo ya mbele, akifika mahali hainuki tena wanaweza? Wanamgeuza kila baada ya saa mbili usiku? Kuna godoro la hewa? Au watawaambia mumchukue. Iwe kwa mkataba.
Wiki mbili bila kuja sikubaliani nayo hata kidogo.

#40 DadaWaMinnesota
Hapo mimi na nesi tunatofautiana kidogo. Wengine wakiona mtoto anaondoka wanalia kila siku upya, wanachelewa kutulia. Nimeona wakitulia bila kuona familia siku chache. Lakini wiki mbili kamili bila mtu wa nje kuona mgonjwa mpya, hata kama ni watu wazuri, hapana. Omba uje saa ya chakula, umlishe, uondoke akiwa na mtu mwingine, bila kuaga kwa machozi.

#41 Jaduong_wa_Southlands
Wiki mbili ndio zile sisi hatukuenda na ndio dawa zilianza. Usikubali.

#42 Shosh_wa_Ruiru
Na msimdanganye. Dada yangu aliambiwa anaenda kuonana na daktari. Ndio maana alishika mkoba.

#43 MamaPendo_Umoja
Shosh kwa heshima, ukimwambia ukweli asubuhi, mchana amesahau, na ukimwambia tena analia tena kama ni mara ya kwanza. Utamliza mara ngapi? Mimi nilikuwa namwambia mama mkwe "leo tunalala hapa, kesho tutaona", na haikuwa uongo.

#44 Shosh_wa_Ruiru
Hiyo ya kesho tutaona sina neno nayo.

#45 MkambaHalisi
Mpeleke na huyo mama mdogo siku ya kwanza. Anaongea Kikamba na atajionea mwenyewe. Na andika jina kwa kila kitu, miwani, meno, leso. Shangazi yangu miwani ilipotea mwezi mzima, hakuna mtu alisema, tukaambiwa ati hatambui watu tena. Angetambua aje na haoni?

#46 Nesi_Mstaafu
Hilo ni kubwa kuliko linavyosikika. Miwani, kifaa cha masikio, maji ya kunywa, choo kigumu, maambukizi ya mkojo. Mzee akibadilika ghafla kwa siku mbili tatu msikubali kuambiwa ni demenshia imeendelea, demenshia yenyewe haiendi kwa siku mbili, na hata yule wa mishipa akishuka ghafla ni kiharusi, apelekwe hospitali. Mpime mkojo kwanza.

#47 MtuWaRongai
Na aliyeanguka je? Mzee wangu niliyemtaja pale juu alianguka bafuni wiki tatu zilizopita, hakuumia sana, alikataa hospitali. Tangu juzi ameanza kulala mchana, anavuta mguu wa kushoto, maneno yamechanganyika. Tulikuwa tumesema ni ile demenshia, ndio natafuta nyumba ya kumpeleka.

#48 Nesi_Mstaafu
Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Aligonga kichwa?

#49 MtuWaRongai
Ndio ana dawa ya moyo, warfarin. Kichwa aligonga sinki.

#50 Nesi_Mstaafu
Acha mambo ya nyumba ya wazee. Huyo apelekwe hospitali yenye skani sasa hivi, sio kesho. Damu inaweza kuvuja taratibu chini ya fuvu wiki kadhaa baada ya kuanguka, na hiyo ikitolewa mapema mtu anaweza kurudi kuwa mwenyewe. Usimpe chai wala chakula kama analala lala. Beba kitambulisho na pakiti zote za dawa, na ukifika kwa mlango sema maneno mawili, ameanguka na warfarin.

#51 MtuWaRongai
Tunatafuta gari.

#52 FundiStima
Uko Rongai upande gani? Niko Kiserian na gari, nitumie inbox.